Kijiko cha Mama Fundi

Asubuhi za kwetu zilikuwa tamu. Kabla chai haijachemka, simu zililia, na sauti ya fundi cherehani, jirani yangu, ikaingia kila nyumba ya waumini wa kanisa letu: "Bwana asifiwe, wapendwa. Leo tutafakari Zaburi." Alizieleza mpaka unasahau uji jikoni. Alijirekodi katikati ya suti za wateja, kwa kuwa nguo humeza mwangwi.

Chumba cha pili alilala mama yake, aliyepooza upande mmoja. Sauti ilikuwa imemwishia, basi akitaka maji au kugeuzwa aligonga kikombe cha bati kwa kijiko. Ngo, ngo. Siku moja mtu akaandika kwenye kundi la simu la kanisa: "Fundi, kelele gani hizo?" Fundi akaona aibu kweli! Kesho yake kijiko kikahamia jikoni.

Nikamwuliza, "Sasa mama atakuitaje?"

"Dakika kumi tu, dada. Neno la Mungu linataka utulivu."

Dakika kumi wapi! Akikosea neno moja alianza upya, saa nzima ikapita. Nami nikajiambia ya nyumba ya mtu hayanihusu. Mungu anisamehe.

Siku ile alifundisha zaburi ya mzee anayemsihi Mungu asimtupe nguvu zikimwishia. Akalia machozi kabisa. "Wapendwa, tusiwatupe wazee wetu!" Mara kikasikika kishindo, puu, upande wa pili wa ukuta. Fundi akasema, "Tuendelee." Akaendelea dakika kumi na moja. Alikuwa amelia vizuri mno, hakutaka kuanza upya. Akatuma kwanza, akangoja amina zianze kuingia, ndipo akaenda kutazama.

Mimi nilikuwa bombani. Niliporudi nikasikiliza, nikaandika "Amina, fundi!" Nilikuwa wa tatu kati ya watu sitini. Kishindo nilikisikia humo kwenye rekodi, nikadhani ni mlango.

Ndipo akapiga yowe, "Dada, njoo!" Tulimkuta bibi wa watu sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka.

"Mama, kwa nini hukuniita?" fundi akauliza.

Mama akamtazama. Akainua kikombe. Kikombe kitupu, bila kijiko.

Alifariki siku ya tisa. Mazikoni fundi aliombwa neno, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Ametusihi tufute ile rekodi. Mimi sijafuta, na kila nikiisikiliza naona haya. Kijiko amekirudisha kando ya kitanda, na kitanda hakina mtu.

Funzo

Wenzangu, Zaburi nyingi ni kilio cha mtu anayeomba asikilizwe. Ole wako ukikieleza kilio hicho kwa ufasaha huku umemnyang'anya kijiko aliye nyumbani mwako. Nawe jirani unayejua na kunyamaza, usijidanganye, umo. Ukisikia ngo, ngo, zima simu, inuka uende. Mungu atakungoja. Mama hawezi.