Aliyoyatafuta Fundi Lifti

Chumba cha kompyuta cha chuo cha jioni kilijaa hadi mlangoni. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba asiye na andiko la utafiti la kuegemeza kazi yake asijisumbue kuikabidhi, na darasa zima, watu wazima waliotoka vibaruani na harufu za kazi zao mwilini, lilikimbilia zile mashine chache kama watu wanaogombea kivuli. Mama Kidoti alipata kiti kwa sababu aliyekikalia alitoka kupokea simu. Alivaa blauzi ya njano iliyonyooka kama karatasi mpya. Mtu anayepiga pasi nguo za watu kutwa nzima kwenye duka la dobi hawezi kutembea na mikunjo. Akaweka mkoba magotini, akaisogelea maktaba ya mtandaoni, na kwenye kisanduku cha kutafutia akaandika kwa vidole viwili:

"Habari za jioni. Naomba maandiko kuhusu watoto wadogo wanaojifunza kusoma. Asante."

Mtambo ukafikiri kidogo, ukajibu: Hakuna matokeo.

Akasoma tena alichoandika. Akaona labda hakutumia adabu ya kutosha. Akaongeza "tafadhali".

Hakuna matokeo.

Mtu wa kiti cha pili akakohoa kile kikohozi cha anayebana kicheko. Alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, kalamu juu ya sikio, mikono imesuguliwa ikang'aa ila kwenye pembe za kucha, ambako grisi ilikuwa imegoma kuhama.

"Dada, samahani. Hiyo salamu unampa nani?"

"Maktaba."

"Imeitikia?"

"Bado."

"Haitaitika. Yenyewe inachukua kila neno ulilolitia na kwenda kulitafuta. Sasa hivi iko huko ndani inazunguka makabatini ikiuliza ni profesa gani ameandika 'habari za jioni'."

"Mimi nimelelewa, kaka. Siingii kwa watu nikaanza kudai."

"Bakiza maneno ya kazi tu. Watoto. Kusoma. Elimu ya awali. Na kama kuna maneno hutaki yaachane, yafunge kwa alama za kunukuu, moja huku, moja huku."

Mama Kidoti akamtazama kwa pembe ya jicho. "Yakifungwa hivyo ndiyo hayaachani?"

"Kwenye maktaba hayaachani. Kwingineko sina uhakika, sijajaribu."

Akacheka bila kutaka. Akaandika kama alivyoelekezwa, na maandiko yakaporomoka kwenye kioo, mengine kutoka vyuo asivyowahi kuvisikia, mpaka akajisikia kama mtu aliyegonga mlango wa jirani akafunguliwa ghala. Hapo hapo mwenye kiti akarudi na simu yake. Mama Kidoti akainuka, na yule wa ovaroli akainuka pia.

"Kaa hapa pangu. Mimi nitasimama, nimezoea. Lifti hazina viti."

"Wewe ni fundi lifti?"

"Ndiyo. Nasomea ualimu wa ufundi. Mgongo hauwezi kupanda kamba mpaka uzeeni."

Ndivyo walivyoanza. Baada ya hapo simu ya Mama Kidoti ikawa haikai kimya, na wenzake kwenye duka la dobi wakawa wanajua nani amepiga kwa kuangalia tu pasi inavyopunguza mwendo.

"Uko wapi, mwanga wangu?"

"Niko na suruali ya mtu mkononi."

"Mtu gani?"

"Tajiri. Ina marinda manne."

"Itoe mikononi mwako upesi. Mimi nimekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne."

"Umekwama au umejificha?"

"Nimekwama na mama mmoja mwenye mbwa. Mbwa amenipenda, mama hajanipenda. Sema neno moja nifarijike."

"Bonyeza chini," akasema Mama Kidoti, na dukani wote wakaangua kicheko.

Alimpenda. Hilo hakulificha. Alichokificha ni hofu. Baba yake Kidoti aliondoka mtoto akiwa anatambaa. Alisema bado anampenda mkewe, ila yeye si mtu wa kubeba mzigo. Neno lile lilidumu ndani ya nyumba kuliko hata viatu alivyovisahau. Mama Kidoti alijiapia kwamba atakayemtaka atawachukua wote wawili, na asiyetaka wawili asisogee hata mlangoni. Kidoti alikuwa na miaka mitano sasa, na kidoti chake cheusi juu ya mdomo. Akimzoea mtu, humzoea kwa moyo mzima. Ndiyo maana mama yake alichelewa sana kumleta mbele ya fundi.

Alipomwambia fundi kwamba Jumapili watakutana wote watatu kwenye bustani ya mji, fundi alichomoa kalamu sikioni, akairudisha. Akasema sawa. Kisha siku ya pili akaomba kitu cha ajabu.

"Mpenzi, akaunti yangu ya maktaba imenifungia. Nimekosea neno la siri mpaka imenichoka. Niazime yako, kuna kitu nataka kutafuta."

"Kazi ya mwalimu?"

"Kazi," akasema fundi, akatazama pembeni.

Akampa. Watu wanaopendana wanapeana na mengine makubwa zaidi.

Jumapili fundi alikuja na shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa mpaka kooni. Kidoti alikuwa kwenye bembea na gauni lake la maua. Fundi hakumsalimia kama watu wanavyosalimia watoto. Alimkaribia taratibu, akachuchumaa mbele yake, macho kwa macho, akabaki hapo. Akabaki sana. Goti lilisikika likilalamika.

"Hujambo, Kidoti. Unajisikiaje kuhusu uwepo wangu?"

Kidoti akamtazama mama yake, kisha akamrudia fundi. "Unanuka grisi."

"Asante kwa kunishirikisha hisia zako," akasema fundi, jasho likimtiririka.

Mchana mzima ulikwenda hivyo. Hakumbeba, hakumtania, hakumsukuma kwenye bembea mpaka alipoomba ruhusa, na alipoomba ruhusa aliiomba kwa maneno marefu kama ya afisa. Kidoti aliporudi nyumbani aliuliza kama yule anko ni daktari wa meno. Mama Kidoti hakucheka. Yule mwanamume aliyeweza kumchekesha mbwa wa watu ndani ya lifti, mbele ya mwanawe aligeuka ubao.

Jioni iliyofuata akakaa chuoni, akafungua maktaba. Chini ya kisanduku cha kutafutia, maktaba ikamkumbusha kwa wema wake: Ulitafuta mwisho, "matatizo ya kuoa mwanamke mwenye mtoto".

Hakuwa ametafuta yeye.

Akabofya. Matokeo yalikuja mengi mpaka mtambo wenyewe ukaacha kuhesabu. Matatizo, changamoto, migogoro, athari. Mama Kidoti akafunga kompyuta, akachukua mkoba, akatoka kabla mwalimu hajaita majina.

Simu akaiacha ilie, na chuoni hakutia mguu. Siku ziliposogea akapokea moja, kwa sababu wenzake dukani walitishia kupokea wao.

"Mpenzi, mbona umenitupa?"

"Nilikuwa napiga pasi."

"Siku zote hizo? Unampigia nani, jeshi?"

"Fundi, matatizo umeyapata?"

"Matatizo gani?"

"Yale unayoyatafuta kwa akaunti yangu. Kama hayakutoshi njoo nikuongezee, mimi nayajua kwa kichwa. Anaamka mapema, hali vitunguu, anauliza maswali mpaka unatamani kukimbia. Wewe kimbia tu, bwana. Njia unaijua."

"Hebu nisikilize..."

"Nimeshasoma," akasema, akakata.

Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa anakunja nguo za Kidoti. Alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja upya, dalili kwamba ana neno.

"Huyo shemeji yangu ameandika nini hasa?"

"Nani shemeji yako?"

"Haya. Huyo fundi wa watu."

Mama Kidoti akamweleza. Dada akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikusoma kama wewe, lakini niulize kitu. Mwanamume anayetaka kukimbia anakaa chini kusoma? Baba yake huyu mtoto alisoma nini kabla ya kuondoka? Alisoma ratiba ya basi."

"Dada, usinichekeshe, nina hasira."

"Kuwa nazo. Ila uliangalia hicho cha mwisho tu. Hicho chombo si kina kumbukumbu ya vingine? Wewe mwenyewe uliniambia kinakumbuka kama mama mkwe."

Usiku ule mto ulimchoma Mama Kidoti. Kesho yake jioni aliwahi chuoni kabla ya wenzake, akafungua akaunti yake, akabofya pale palipoandikwa: Ona yote uliyotafuta.

Chini kabisa yalikuwa yake mwenyewe; juu yake ndipo yalipoanza ya fundi. Fundi alikuwa ameandika: "namna ya kupendwa na mtoto wa mpenzi wako". Hakuna matokeo. Juu yake: "baba wa kambo mwenye furaha". Hakuna matokeo. "Baba wa kambo mzuri." Hakuna matokeo. "Msichana wa miaka mitano anapenda nini." Hapo maktaba ilijitahidi, ikampa andiko moja kuhusu urefu wa madawati. Juu ya hilo lilikuwepo neno moja peke yake, "Kidoti", na maktaba ilikuwa imekiri haimjui. Kisha mtu mzima yule, mwalimu wake wa kutafuta, alikuwa ameandika: "Habari za jioni. Tafadhali naomba kuwa baba wa kambo mzuri. Asante."

Hakuna matokeo.

Baada ya hapo ndipo yakaja matatizo. Wasomi wale hawakuwa wameandika habari ya mtu yeyote aliyefurahi. Ghala zima lilikuwa na changamoto tu, na aliyetaka kuingia ilibidi apitie mlango huo. Mama Kidoti akafungua andiko ambalo fundi alikuwa ametia alama. Lilikuwa refu kama mwaka. Katikati yake akakuta: "Mlezi ashuke hadi usawa wa macho ya mtoto, na amwalike kueleza hisia zake kuhusu uwepo wake."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Mwanafunzi wa jirani akamuuliza kama analia au anacheka. Akasema hata yeye anatafuta.

Fundi hakutokea darasani jioni ile; akapiga simu, haikupatikana. Asubuhi haikupatikana. Mchana, alipomchukua Kidoti kutoka shule ya awali, akapiga tena, kisha akaamua kwenda mwenyewe kwenye lile jengo refu la ofisi ambako fundi alikuwa na kazi ya usiku na mchana wiki nzima.

Ukumbi wa chini ulikuwa umefurika watu wenye mafaili na viatu vya bei, wote wakitazama mlango mmoja wa lifti. Mlango ulikuwa umefunguka upana wa mikono miwili, na sakafu ya lifti imesimama juu, usawa wa kifua. Ndani yake fundi alikuwa amelala kifudifudi na bisibisi mdomoni.

"Fundi," akaita Mama Kidoti.

Bisibisi ikaanguka.

"Simu haishiki kwenye lifti hii," akasema fundi haraka, kama mshtakiwa. "Ningekupigia. Nimekwama. Yaani, nimekwama kwa kila namna."

"Nimeona yote uliyotafuta. Mpaka 'habari za jioni'."

Fundi akafunika uso kwa mkono wenye grisi, akajiachia baka jeusi shavuni.

"Nilikuwa naogopa, mwenzangu. Wewe nikikukosea nitakuomba msamaha, utaelewa. Huyu nikimkosea ataelewa nini? Nikaona nisome kwanza. Kumbe wanaojua hawaandiki, na wanaoandika wana matatizo."

Watu wa ukumbini walikuwa wamesogea karibu. Mzee mmoja mwenye tai akaweka faili lake chini ili asikie vizuri.

"Nami nilisoma mstari mmoja nikatoa hukumu," akasema Mama Kidoti. "Nisamehe, mpenzi. Nilisikia lile neno la mzigo hata ambapo hukulisema. Hebu niambie, lile andiko linaishiaje?"

"Yote yanaishia pale pale. Utafiti zaidi unahitajika."

"Basi?"

"Basi naomba nihamie kwenu kwa utafiti zaidi. Kwa ndoa, siyo kienyeji. Na wa maisha yote."

"Sampuli yako ni mtoto mmoja tu. Wasomi watakataa."

"Tutaiongeza," akasema fundi, na mzee wa tai akapiga makofi.

"Dada, mkubali," akaomba mwanamke mmoja mwenye mafaili kifuani. "Nina mkutano ghorofa ya tisa."

"Nimekubali," akasema Mama Kidoti, na sauti ikamtoka ndogo kuliko alivyopanga.

Fundi akashusha pumzi. Kisha akamtafuta Kidoti, aliyekuwa amejishika kwenye sketi ya mama yake. "Sijamaliza. Ninaomba wawili. Kidoti, wewe unasemaje?"

Watu wote wakamgeukia mtoto. Kidoti hakuwa na haraka.

"Unajua kusuka nywele?"

"Sijui."

"Unajua kupika uji usio na madonge?"

"Huwa una madonge."

"Unajua hadithi?"

"Nilijua moja. Nimesahau mwisho."

Yule mwanamke wa mkutano akafumba macho. Kidoti akamkagua fundi kuanzia baka la shavuni mpaka bisibisi, kisha akamvuta mama yake sikio na kumnong'oneza kwa sauti iliyofika ukumbi mzima:

"Mama, huyu hajui kitu. Tumchukue tu."