Reli za Waya

Haya yalimpata rafiki yangu Ndinda, wa Kiboko, mwaka wa themanini na nne. Mpaka leo, akitaka kuyasimulia, hufunga mlango kwanza.

Baba yake, mzee Ndolo, alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Alikuwa akilaza sikio la kushoto kwenye chuma na kusema "Inaingia" kabla mtu mwingine hajasikia lolote. Alipostaafu alianza kuijengea familia kituo kidogo cha treni cha ukumbusho, juu ya meza ya stoo, mataruma ya kulalia reli yakiwa njiti za kiberiti, reli zenyewe waya. Kabla hajachonga treni, akapooza mwili mzima.

"Kakipake rangi, angalau akione kimekamilika," mama yake, Mbinya, akamwambia Ndinda mchana mmoja.

Stoo haikuwa na dirisha. Upepo ukabamiza mlango nyuma yake, giza likajaa. Alipokuwa akipapasa kutafuta brashi akasikia mngurumo mwembamba, wa mbali, ukitoka pale mezani. Akashika reli aunyamazishe. Waya ulikuwa unatetemeka, tena wa moto. Alitaka kutoa mkono, mkono ukakataa. Mngurumo ukapita chini ya kiganja chake, ukafifia kuelekea nyumba kubwa.

Akakimbia ndani. Mama yake alikuwa kando ya kitanda akichambua ndengu.

"Baba ameinuka?"

"Kwa nguvu zipi, mwanangu? Hajasogea tangu asubuhi."

Ndinda akamgeuza mzee kichwa polepole. Sikio la kushoto lilikuwa limeungua mstari mmoja mwekundu, mwembamba kama waya.