Ukurasa wa Tarehe Tisa Novemba

Jelmer alimgonga Wietske kwa kiwiko Ijumaa moja ya Mei, katikati ya msongamano wa soko la samaki la Groningen, Uholanzi. Kipande cha samaki mbichi na vitunguu alichokuwa akila kikatua kwenye koti jipya la kijani la Wietske.

"Samahani, dada! Nikulipe koti au nikununulie samaki?"

"Ninunulie samaki. Koti utalifua mwenyewe."

Alilifua kweli. Kufikia Agosti walikuwa hawaachani. Jelmer alipojua kwamba Wietske anatayarisha maonyesho ya shajara za wanafunzi wa zamani kwenye maktaba ya chuo kikuu, furaha ilimjaa. Marehemu mama yake alisoma pale, na madaftari yake ya shajara aliiachia maktaba hiyo.

"Mweke mbele kabisa, mpenzi. Watu wamwone."

Jumatatu, siku tatu kabla ya ufunguzi, Wietske akafika kwenye ukurasa wa mwisho wa shajara ya mama huyo, tarehe tisa Novemba 1991. *Nina mimba. Simtaki mtoto huyu. Kila nikimfikiria nakosa pumzi.* Baada ya hapo, karatasi tupu.

Jelmer alizaliwa Juni iliyofuata.

Mkuu wa maktaba alipousoma ukurasa huo alisema ndio utakaofunguliwa kwenye kabati la kioo la maonyesho. Wietske alirudi nyumbani. Jelmer alipopiga simu, aliiangalia tu mpaka ikanyamaza. Jumanne akaipokea.

"Umepotea, kipenzi."

"Nina kazi."

"Kazi gani isiyo na hata dakika mbili? Nimekuudhi?"

"Nitakupigia."

Hakupiga. Usingizi ulimpaa. Akimwambia, atamvunja moyo. Asipomwambia, Jelmer atausoma mwenyewe mbele ya wageni.

Alhamisi, saa moja kabla ya ufunguzi, Jelmer aliingia ukumbini, koti lake la mvua la njano likichuruzika maji.

"Niambie tu jina lake."

"La nani?"

"Huyo mwanamume mwingine. Mimi si mtoto, Wietske."

Wietske alifungua kabati, akampa daftari. Jelmer alisoma. Akarudia. Rangi ikamtoka usoni.

"Tangu lini unajua?"

"Jumatatu. Niliogopa kukuumiza. Nitauondoa, hata wakinifukuza kazi."

"Usiuondoe. Hayo ni maneno yake." Akamrudishia daftari bila kumtazama. "Mama angalau aliandika. Wewe ulininyamazia."

Akatoka kwenye mvua.

Wageni walifika. Wietske, ndani ya gauni lake jeusi, alizungusha sinia la glasi huku macho yakikimbilia mlangoni kila ulipofunguliwa. Alikuja profesa, wakaja wanafunzi, akaja kijana aliyeleta maua. Jelmer hakuonekana. Saa kumi na moja, saa ya ufunguzi, ikapita.

Bibi mmoja mwenye hereni za lulu aliinama kwenye kabati, akasoma kwa sauti, akasikitika.

"Maskini mtoto huyo. Sijui aliishia wapi."

"Alikua, bibi," sauti ikajibu nyuma yake. "Yupo hapa hapa. Anatafuta mke."

Bibi akageuka. Jelmer alikuwa amelowa chepechepe, macho mekundu.

"Na keshampata?"

"Sijui. Niulizie yule wa gauni jeusi kama atanikubali. Mwambie kwamba mama yangu aliogopa, na mimi naogopa, lakini sitaki tena tufichane kitu."

Wietske aliweka sinia chini kabla halijamponyoka.

"Mwambie ndiyo, bibi," alisema. "Mwambie haraka, kabla hajatoka tena."