Alama Nyekundu Kwenye Ramani ya Feruzi

Siku ya soko Rumonge, katikati ya vichanja vya ndagala, dagaa wa ziwani, na mitungi ya mawese, kijana mmoja alisimama juu ya sanduku akisoma karatasi. Kanzu yake ya merikani ilikuwa imefuliwa ikang'aa, na kofia yake ilikaa sawasawa kichwani. Aliitwa Feruzi, mzaliwa wa Ujiji, msaidizi wa daktari Mdachi katika kambi ya malale. Alikuwa ametumwa awaeleze watu kwamba ugonjwa ule wa kulala mpaka kufa unaletwa na mbung'o. Alisoma, akasoma. Watu walimpita wakiulizana bei ya samaki.

"Weye bwana!" sauti ya kike ilipaa. "Unaongea na sisi ao unaongea na karatasi?"

Soko likacheka. Aliyesema alikuwa Sikuzani, muuza mawese, msichana mrefu aliyejifunga kaniki mbili, mikono yake iking'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Feruzi akashuka, masikio yamemwaka moto. Wengi walidhani ataondoka. Yeye akamwendea.

"Dada, nimekosea wapi?"

Sikuzani alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa swali. "Amahoro kwanza. Mutu anasalimia kabla ya kuuliza."

"Amahoro. Nimekosea wapi?"

"Umetaja mambo mangapi pale juu?"

"Kumi na saba."

"Ya Rabi! Miye nimeshika moja tu, nalo limeshanitoka!"

Feruzi akacheka, na kicheko kikamfungua. Akamweleza shida yake. Baada ya majuma matatu daktari mkuu atakuja kutoka Usumbura. Mbele yake, na mbele ya watwale, wakubwa wa vijiji, na wavuvi, kila msaidizi ataeleza alichojifunza kwa miaka miwili. Mkuu alikuwa anataka watu wote wa ufukoni wahamishiwe milimani. Feruzi aliamini kwamba kufyeka vichaka kunatosha.

"Ushahidi ninao, dada. Sina mdomo."

"Mdomo unao, ninauona," alisema Sikuzani, kisha akainama haraka kupanga mitungi iliyokuwa imepangika tayari.

Tangu siku ile, kila alasiri Feruzi alikwenda nyumbani kwa Sikuzani, kando ya ziwa, alikokaa na shangazi yake Batuli. Shangazi aliketi mlangoni akimenya maharage, macho kwao. Feruzi alisimama ukingoni mwa shamba la mihogo, naye Sikuzani alikwenda mbali, kwenye mitumbwi. Asiposikia, alinyoosha mkono, na Feruzi alianza upya. Katika yale mambo kumi na saba, alimtupisha kumi na manne.

"Usianze na mududu," alimwambia. "Anza na watu. Hapa hakuna ambaye hajazika. Miye nimemuzika baba."

Siku nyingine alikunja uso akajifanya mtwale mkorofi. "Hao nzi nimezaliwa nao! Mbona miye siugui?"

"Kwa sababu hata nzi wanakuogopa, bibie."

"Haya, mjibu hivyo mtwale, tukuzike!"

Walicheka mpaka Shangazi Batuli akakohoa. Karatasi ikabaki mfukoni siku moja, mbili, kisha ikasahauliwa kambini. Mikono ya Feruzi ikajua pa kukaa. Naye Sikuzani alianza kunawa mafuta mapema, na kuvaa leso yake mpya kabla ya saa tisa.

Zikiwa zimebaki siku nne, Asmani, msaidizi mwenzake Feruzi, alikuja kununua mawese.

"Pole, dada," alisema. "Nyumba yenu imetiwa alama nyekundu kwenye ramani ya Feruzi. Nadhani nyie ndio mtahamishwa kwanza."

Sikuzani aliacha mitungi akaenda kambini. Ramani ilikuwa imetandazwa barazani. Aliutambua mdomo wa kijito, akautambua mnazi mmoja. Hapo, nyumba yao, wino mwekundu.

Alasiri Feruzi alimkuta amesimama mlangoni.

"Alama nyekundu ni ya nini?"

Feruzi alishtuka. "Nilitaka kukuambia siku ile ya..."

"Ni nyumba yetu ao si yetu?"

"Ni yenu, lakini..."

"Kila siku unakuja hapa, unakunywa uji wa shangazi, unanichekesha, kumbe unatupima utufukuze!"

Feruzi alifungua mdomo aeleze. Mlango ukafungwa. Kesho yake aliandika barua, ilirudishwa haijafunguliwa. Keshokutwa yake alikuja mwenyewe.

"Hataki, mwanangu," alisema Shangazi Batuli. "Na mimi sijui nikuamini ao nisikuamini."

Siku ya mkutano wa daktari mkuu, Sikuzani alikwenda kambini. Kama wanafukuzwa, alitaka kusikia kwa masikio yake. Akajifunika leso akasimama nyuma kabisa, kati ya wavuvi. Asmani alianza, akasoma karatasi nne. Mtwale mmoja akasinzia. Kisha akainuka Feruzi, mkononi ana ramani tu. Aliitundika, macho yakapita juu ya viti vya wakubwa mpaka nyuma. Alipomwona Sikuzani, alivuta pumzi.

"Nani hapa hajazika mtu kwa malale? Anyooshe mkono."

Hapakuinuka mkono. Yule mtwale aliamka.

"Nimepita nyumba mia na ishirini za ufukoni. Nyeusi ni zilizopata mgonjwa. Nyekundu hazikupata hata mmoja kwa miaka miwili. Ziko tisa. Nilijiuliza, zina nini? Nikazizunguka kwa miguu. Zote tisa, kichaka kimefyekwa mpaka majini. Mbung'o anaishi kivulini. Ondoa kivuli, umemwondoa yeye." Akaweka kidole penye mdomo wa kijito. "Uwanja wa nyumba hii ulifyekwa na binti aliyemzika baba yake kabla ya miaka hiyo miwili. Alitaka kupanda mihogo tu. Hakujua kwamba anamlinda shangazi yake."

Sikuzani alishika bega la mvuvi aliyekuwa mbele yake, akajiinua aione ramani.

Daktari mkuu akauliza kwa mkalimani, "Tisa ni chache. Huenda ni bahati tu?"

"Huenda, Bwana," Feruzi alijibu bila kuinamisha kichwa. "Ndiyo maana naomba miezi sita. Tufyeke kutoka hapa mpaka Minago, kisha nihesabu tena. Nikiwa nimekosea, wahamisheni."

"Panga ninalo!" mvuvi mmoja akapaza sauti, na wengine wakamfuata. Daktari mkuu na daktari wa kambi waliongea kwa lugha yao, kirefu. Mwishowe mkalimani akasema, "Miezi sita mmepewa."

Sikuzani alimngoja njiani, leso imelowa machozi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka usikie habari hiyo mara ya kwanza mbele ya watu wote. Nilifikiri ni zawadi."

"Zawadi gani ya kumuliza mutu siku nne!"

"Nimekosa. Nisamehe, roho yangu."

Neno lile lilikuwa halijawahi kumtoka. Wote wawili walilisikia, na wote wawili wakatazama chini.

"Na miye nilifunga mlango kabla ya kusikia," Sikuzani alisema taratibu. "Unisamehe."

"Sikuzani, nataka nikuoe."

Akapangusa uso. "Leta wazee wako Alhamisi. Jumatano hapana, Jumatano nakamua mawese."

"Wazee wangu wako Ujiji!"

"Basi Alhamisi yoyote watakayofika. Iko chombo cha Ujiji kinaondoka adhuhuri hii. Unangoja nini?"

Feruzi akavua viatu, akavishika mkononi, akapandisha kanzu mpaka magotini, akakimbia. Sikuzani alisimama pale mpaka alipomwona kwa mbali anamsihi nahodha kwa mikono miwili, na nahodha anaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka, akaenda kumwambia shangazi yake.