Hodi Katika Nyumba Isiyo na Milango

Mwangwi ndio ulioanza kukosea.

Nyumba ambayo haijakamilika haina siri. Haina pazia la kunywa sauti wala godoro la kuimeza. Ukikohoa sebuleni, chumba cha mwisho nacho kinakohoa. Mama Kasuku alikuwa amekwisha kuzoea. Kila alasiri, akishafunga cherehani yake, alikuja na binti yake kumwagilia sakafu maji ili saruji isipasuke kabla haijakomaa. Alipofika kwenye uwazi wa mlango wa mbele aliweka ndoo chini, akasema, "Hodi." Nyumba ikamrudishia hodi yake, chumba kwa chumba, mpaka ikafia jikoni.

Siku hiyo alisema hodi, na nyumba ikanyamaza kidogo, kama mtu anayemalizia tonge. Kisha sauti ikatoka chumba cha nyuma. Ilikuwa ya mwanamume, ya chini, isiyo na haraka.

"Karibu."

Alidhani ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, seremala aliyekuwa akiwapachikia fremu za milango. Akaitikia asante, akaingia. Vyumba vyote vilikuwa vitupu. Alipotoka tena nje, shemeji ndio kwanza anakuja kutoka barabarani, mbao begani, akilalamika kuhusu jua.

Hodi hiyo ilikuwa mchezo wa marehemu. Alipopima kiwanja kwa vigingi na kamba, kabla hata msingi haujachimbwa, alikataza mtu yeyote kuruka kamba. Mlango ni hapa, alisema, akionyesha nafasi kati ya vigingi viwili, na asiyepiga hodi ni mwizi. Yeye alitangulia akasimama kwenye majani, katikati ya kamba zake, na walipopiga hodi aliwaitikia kwa sauti ya mtu mwenye kasri: karibuni, piteni, ila msinichafulie zulia. Hivyo ndivyo walivyojenga. Msingi ulipopanda walipiga hodi, kuta zilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, walipiga hodi. Kisha homa ikamchukua kabla mabati hayajapandishwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjane wake akaendelea na hodi, maana aliona kuiacha ni kumzika mara ya pili. Tofauti ni moja tu, kwamba sasa hapakuwa na wa kuitikia. Alipiga, akangoja kidogo, akaingia.

Jioni hiyo, njiani kurudi, Kasuku alimshika mama yake mkono. Jina hilo la utani alipewa kwa kuwa hakujua kunyamaza, lakini safari hii alisema neno moja tu na akalisema taratibu. Alisema yule alikuwa baba.

Mama yake alimkanya. Lakini usiku hakupata usingizi, na si hofu iliyomnyima. Ingekuwa hofu angeamka akasoma dua, akalala. Lilikuwa tumaini, na tumaini la namna ile halina dua yake.

Kesho yake alikwenda huku moyo ukimdunda kama wa mwali, akajionea haya. Akapiga hodi.

"Karibu, Mama Kasuku. Leo mmechelewa."

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akalia mpaka kanga ikalowa. Alihisi harufu, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, akajiambia ni saruji mbichi. Hakumwambia mtu. Dini yake aliijua: aliyekufa amekwenda, na harudi kuitikia milango. Aliijua vizuri, na kila alasiri alipiga hodi.

Ndipo mwenye nyumba waliyopanga akawajia kwa adabu, akasema kijana wake anaoa na vyumba vile vinahitajika. Wakakubaliana kuhamia hivyo hivyo, dari haijawekwa na madirisha yamezibwa kwa turubai. Tutamalizia tukiwa ndani, alisema shemeji, kama wanavyosema wote wanaojenga, na wengi wao wakazeeka wakimalizia. Alipachika mlango wa mbele na komeo lake, wakahamisha vitu mchana mmoja. Walikubaliana walale usiku wa mwisho kwenye vyumba vya zamani. Mzee Matofali angewaangalizia. Huyu alikuwa jirani wa kiwanja cha pili, mjane wa kiume aliyeishi peke yake katika vyumba alivyovijenga kwa matofali ya kufyatua mwenyewe.

Asubuhi walikuta vitu vyao barazani. Havikutupwa, vilipangwa. Godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine, cherehani imefunikwa kitambaa chake na kitambaa kimekunjwa pembe. Vilikaa mbele ya mlango kama mizigo ya wageni wanaongoja gari.

"Mwizi huyu aje na kwangu," alisema shemeji. "Mke wangu amechoka kukunja."

Hakuna aliyecheka, hata yeye, maana alikuwa amekwisha kuujaribu mlango na kukuta umekomewa kwa ndani. Waliingia kwa dirisha. Sebule ilikuwa imefagiwa. Katika chumba cha nyuma walikuta vitu vya Kasuku peke yake: mkeka wake mdogo umetandikwa, viatu vyake vimeelekezwa ukutani, na sare yake ya shule imetundikwa kwenye msumari ambao shemeji aliapa hakuugongelea. Mzee Matofali alisema hakuona mtu. Alisikia tu mtu akipanga vyombo na kuimba kwa pua, akadhani ni seremala anamalizia kazi.

Waliviingiza vitu tena, wakarudi kulala kwenye vyumba vya zamani, na kesho yake wakavikuta barazani tena, na vya mtoto ndani.

Mchana wa siku hiyo Kasuku alitoweka. Mama yake, akishona kwa mkono kwenye vyumba vya zamani, aligeuka kuchukua sindano, na alipoinua uso mtoto hayupo. Hakuuliza mtu. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye nyumba mpya, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za vigingi na kamba hakupiga hodi, maana mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo na ndani alisikia sauti ya binti yake ikizungumza, ikinyamaza kumsikiliza mtu, kisha ikizungumza tena.

Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba cha nyuma, ameielekea pembe. Pembe ilikuwa tupu. Harufu ya kisima ilijaa mpaka machoni.

"Baba anasema nyinyi ni wageni," alisema Kasuku bila kugeuka. "Anasema mgeni hata akae vipi ataondoka. Mimi sio mgeni."

Mama alimshika mkono akamvuta. Mtoto yule aliyembeba mgongoni juzi tu alikuwa mzito kama gunia la saruji lililolowana, na alipovuta zaidi aliona mkono wa pili wa mwanawe umenyooka kuelekea ile pembe tupu, vidole vimekunjana kama vilivyoshikwa, na akatambua, huku akivuta na kumtaja Mungu na kuvuta, kwamba upande wa pili nao unavuta, bila papara, kama mtu mwenye haki ya kile anachokishika. Kisha vile vidole vikaachia, wakaangukia wote wawili sebuleni. Hata walipofika barabarani, pumzi ya mtoto bado ilinuka kisima.

Tumaini likamtoka siku hiyo, au sehemu yake kubwa. Alikwenda na shemeji kwa Bi Maalim, mwanamke mnene aliyefundisha watoto Kurani katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hii. Walimkuta ana mafua makali, leso puani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyemfunza mwenye nyumba kujipigia hodi. Mama Kasuku akaeleza kuwa ulikuwa mzaha wa marehemu.

"Mzaha wa marehemu ulikuwa na wa kuitikia," alisema Bi Maalim. "Wako haukuwa naye. Umesimama mlangoni pako mwenyewe, mwanangu, ukiomba ruhusa kila siku ya Mungu, mpaka akapatikana wa kukupa. Sasa yeye ndiye mwenyeji."

"Lakini ni sauti yake, bibi. Mimi naijua."

"Sauti, sawa. Mwenye sauti yuko kwa Mola wake, na huko hakuna anayetoka kuja kuangalia kama sakafu imekauka."

Bi Maalim akapenga kamasi, akaeleza la kufanya. Wangeingia bila hodi, kama watu wanaoingia kwao, na kusoma humo chumba kwa chumba. Yule mwenyeji angetoka, maana atakuwa amevuliwa uenyeji. Ila angetaka kurudi, na safari hii atakayepiga hodi ni yeye. Wasimwitikie. Si kwa karibu, si kwa nenda zako, si kwa kilio. Hodi zikishaanza, neno lisitoke kinywani mwa mtu mpaka adhana ya alfajiri. Mtoto naye awemo, kwa sababu ndiye anayetakiwa.

Waliingia jua likizama. Miguu ya Mama Kasuku ilisimama yenyewe mlangoni, kwa mazoea, na Bi Maalim akamsukuma mgongoni bila upole. Wakasoma. Bi Maalim alisoma kwa sauti ya pua, akipiga chafya katikati ya aya na kuanza upya, na angekuwa wa kuchekesha laiti mabati yasingeanza kulia juu yao, bati moja baada ya jingine, kutoka chumba cha nyuma kuja mbele, kama mtu mzito anayetembea kichwa chini, miguu juu. Mlango ukafunguka. Ukafungwa. Harufu ikakatika, na nyumba, kwa mara ya kwanza, ikanuka mbao na chokaa tu.

Wakakaa sebuleni, taa ya chemli katikati. Mama Kasuku alimpakata mtoto na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi."

Ilikuwa nje ya mlango, ya upole, ya mtu aliyetoka kazini.

"Hodi jamani. Mama Kasuku. Mbona mmenifungia?"

Wakanyamaza. Sauti ikangoja, ikapiga tena, ikauliza kama kuna mtu anaumwa, ikasema nje kuna baridi na yeye hana shati, ikasema pale alipolazwa ni pembamba na maji yanaingia, na kwamba ameiacha nyumba bila mabati na anataka tu kuona jinsi yalivyokaa, aone mara moja aondoke, na ikamwita mkewe kwa jina ambalo halikuwa limeitwa na mtu mwingine yeyote duniani, jina la chumbani, na machozi yakamtiririka mama yule yakadondoka kwenye nywele za mwanawe huku mtoto akijinyonganyonga na kumng'ata kiganja mpaka damu ikatoka, na yeye hakukiondoa, akamwomba Mola wake kimoyomoyo ampe kuwa kiziwi. Halafu sauti ikabadilika. Ikawa ya shemeji, ikisema fungueni, huyo mliye naye ndani siye mimi, na shemeji wa ndani, aliyeketi na leso ameijaza mdomoni, akatetemeka hadi taa ikacheza.

Mwishowe kukawa kimya. Kisha wakasikia hatua juu ya rundo la kokoto, zikienda, zikivuka mpaka wa kiwanja. Mtoto alilegea mikononi mwa mama yake, akapumua, na pumzi yake ilikuwa safi.

"Hodi," ilisema sauti kule ng'ambo ya mpaka.

Haikuwa tena ya mwanamume. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, aliyechoka kwa mwendo, na ilikuwa mlangoni kwa Mzee Matofali.

Mama Kasuku alielewa. Hakuna aliyefikiria kumwonya yule mzee. Angeweza kupiga kelele sasa, katika usiku ule angemsikia. Alifumbua mdomo. Akamtazama Bi Maalim, na Bi Maalim akamtazama naye, bila kutikisa kichwa wala kukiinamisha, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu hamwamulii mwenzake. Mtoto alikuwa amelala, mzito kwa uzito wake mwenyewe tu. Mama akafumba mdomo.

Wakasikia komeo la jirani likivutwa.

"Karibu," ilisema sauti ya Mzee Matofali, ikikatikakatika. "Karibu, mke wangu. Karibu ndani."

Alfajiri waliposali, Bi Maalim alirefusha sijda kuliko kawaida. Hakutaka ujira. Alisema atarudi kumwona mzee, lakini mtu aliyekaribisha kwa furaha hatolewi kirahisi, maana ni yeye atakayekataa. Shemeji alimsindikiza.

Jua lilipopanda, mama na binti walipanga vyombo vyao, na vyombo vikakaa vilipowekwa. Kasuku alizungumza bila kupumzika, kuhusu dirisha, kuhusu mjusi, kuhusu pa kuweka kitanda. Mama yake alimwitikia kila neno, kiganja kimefungwa kitambaa. Nyumba ilikuwa yao.

Ndipo Mzee Matofali akaja uani. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi, na uso wake uling'aa kama wa kijana. Aliwapa hongera kwa kuhamia. Kisha akasita, akajikuna shingo kwa haya, akaomba kama wangeweza kumwazima kikombe, maana miaka yote hii nyumbani kwake hapakuwa na haja ya kikombe cha pili.

Alipokaribia, harufu ya kisima ilimtangulia.

Mama Kasuku aliingia ndani, akachagua kikombe kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakisuuza, akampa bila kumtazama machoni.