Moto Uliozimika Jikoni kwa Mzee Kuramochi

Kila Jumamosi asubuhi Chizuru alimsaidia mama yake kuondoa theluji mlangoni. Jumamosi hiyo alisamehewa. Mwalimu Hoshina aliwapa wanafunzi kazi ya anthropolojia: kila mmoja akae mahali watu wanapofanya kazi, awatazame, awasikilize na kuwauliza maswali. Chizuru alichagua mgahawa wa rameni, tambi za supu, wa Mzee Kuramochi, kwa sababu katika mji wao wa Kitakata watu hula rameni tangu asubuhi.

Alijuta mara tu alipoingia. Mzee Kuramochi hakuwa mtu wa kucheka. Alimwonyesha kigoda kando ya jiko, akamwambia atazame kwa macho tu, asiguse kitu.

Wazee watatu walikuwa wakila na kutaniana kuhusu magoti yao. Mzee alipotoka kwenda ghalani kuchukua unga, na mkewe, Mama Sadae, alipokuwa akifuta meza, Chizuru alishikwa na hamu ya kuona ndani ya sufuria kubwa ya supu. Akafunua mfuniko. Mvuke wa mifupa na dagaa ukampiga usoni. Alisikia hatua nje, akaurudisha mfuniko haraka, akaifunika sufuria yote. Hakujua kwamba mfuniko ule huachwa wazi kidogo.

Hazikuwa hatua za Mzee. Lakini punde supu ikafurika, ikamwagikia jiko, na moto ukazimika.

Chizuru aliganda. Gesi iliendelea kutoa mlio mdogo, kisha harufu ikaanza kupanda. Vifungo vya jiko vilikuwa vingi, hakujua kipi ni kipi. Alitaka kusema, akaogopa. Wangemfukuza. Shule nzima ingejua. Akajiambia labda mtu mwingine ataisikia harufu ile.

Hakuna aliyeisikia. Mama Sadae, aliyekuwa na mafua, alikuja akiwa na kiberiti mkononi, akainama kuwasha jiko la pili.

"Mama, usiwashe!" Chizuru alipiga kelele. "Gesi inavuja. Ni mimi, nilifunika sufuria."

Kiberiti kilianguka sakafuni. Mama Sadae alifunga gesi, akafungua milango yote. Wazee walitoka wakasimama kwenye theluji, mmoja bado ameshika bakuli lake.

Mzee Kuramochi aliporudi na kuelezwa, aliweka unga chini. Chizuru alisubiri kufukuzwa.

"Ulijua tangu lini kwamba moto umezimika?" Mzee aliuliza.

"Tangu ulipozimika."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa wewe." Machozi yalimtoka.

Mzee alimtazama mkewe, kisha akachuchumaa hadi macho yake yakalingana na ya Chizuru. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ulikosea kugusa, mwanangu, lakini hilo ni dogo. Supu tutaipika tena. Kule kunyamaza kwako ndiko kungemuua mama huyu. Mimi nitajifunza kuwa na uso mkunjufu. Wewe ujifunze kusema kosa lako ungali unatetemeka. Usisubiri hofu iishe kwanza, maana haiishi."

Upepo wa baridi ulipokwisha kufukuza harufu yote, Mzee alimrudisha Chizuru kwenye kigoda, akaketi mbele yake.

"Haya," alisema, "uliza maswali yako."