Manjano Niliyotia Kwenye Kompyuta ya Maji

Nikiri mapema kabisa: habari hii inanionyesha mimi bwege. Ukitaka kucheka, cheka tu... na mimi ningekuwa naisoma ya mwingine ningecheka mpaka nidondoke kwenye kiti. Ila usimalize kicheko chote hapa mwanzoni!

Naitwa Masanja, nina miaka ishirini na mitatu, naishi Masumbwe. Shule niliishia darasa la saba, ila mdomo wangu ulifika chuo kikuu. Watu wa stendi walinibatiza Profesa, na mimi kwa ujinga wangu nikaitika!

Kazi yangu ilikuwa studio kwa Baba Shani, mtu mzima, mpole, asiyekosa swala. Yeye ndiye aliyenitoa machimboni Mwakitolyo, nilikokuwa nachunga injini ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akanifundisha kupiga picha, akanifundisha kukata video za harusi. Hakunificha kitu. Mpaka funguo za studio aliniachia... Na hapo ndipo panaponichoma mpaka leo.

Pale studio kulikuwa na kompyuta kubwa inayopozwa kwa maji. Ndiyo, maji! Ina pampu ndogo, mipira ya kupitishia maji unayoiona kupitia kioo, na karejeta kake kenye feni ka kuyapoza. Watu walikuwa wanaingia kuitazama tu. Mimi nawaambia tunafuga kambale humo.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa video ya sendofu ya Kabula, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao.

Kabula nimesoma naye. Siku ya sendofu yake, baba yake, mzee Mabula, alishika maiki akamuaga binti yake kwa Kisukuma, maneno marefu, watu wakalia. Wiki tatu baadaye mzee akaanguka shambani, akafa. Hakuumwa hata siku moja!

Simu za watu zilirekodi watu wakicheza. Mzee akiongea, hakuna aliyerekodi. Kadi ya kamera tulishaifuta ili tupigie harusi nyingine, ndivyo tulivyozoea. Kwa hiyo sauti ya yule mzee duniani ilikuwa imebaki sehemu moja tu. Kwenye ile kompyuta. Na familia ilitaka kuiona video hiyo siku ya arobaini ya mzee, Jumamosi.

Jumatano, Baba Shani akiwa Shinyanga anamuuguza mama yake, nikaona maji ya kompyuta yamekuwa ya kijani, yana utelezi kama ya lambo la ng'ombe. Halafu kwenye kiungo kimoja linatokeza tone... linakauka... linatokeza lingine. Na mashine inachemka.

Nikampigia. Akaniambia, "Masanja, zima. Usitie kitu. Nimeagiza chupa ya dawa yake Dar, inafika na basi Ijumaa. Maji ya rejeta za magari usiyaguse kabisa, yale ni ya vyuma vikubwa."

Nikamjibu, "Sawa bosi." Na nilimjibu kwa adabu kweli!

Sasa niambieni, ni shetani gani alinikalia? Ijumaa ilikuwa keshokutwa tu! Video yenyewe ilibaki vipande viwili tu nimalize kuikata. Lakini Profesa akajiuliza: injini ya karasha inapiga kazi juani kutwa, inakunywa maji ya dimbwi, na rejeta yake ikivuja tunatia manjano. Ndiyo, manjano haya haya ya jikoni! Unga wake unakimbilia palipotoboka, unaziba, kazi inaendelea. Itakuwa hiki kikompyuta kinachoishi kivulini?

Nikaenda gengeni kwa Mama Neema. Akaniuliza, "Profesa, leo pilau?"

Nikamwambia, "Nampikia kompyuta, dada."

"Haya, uniletee ukoko."

Tukacheka... Mungu wangu, tulicheka!

Nikamwaga yale maji. Nikatia kulanti ya kijani, yale yale maji ya rejeta za magari niliyokatazwa, nikachanganya na maji ya betri, nikamalizia na vijiko viwili vya manjano. Nikawasha. Lile tone likakata! Joto likashuka! Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, nikajiita injinia.

Haikuchukua nusu saa. Pampu ikaanza kukoroma. Kumbe pale juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, maji yanapita kwenye vijia vyembamba kama meno ya kitana, na manjano yangu yalikuwa yameshajipanga humo kama tope. Maji yakakosa pa kupita. Mpira ukachomoka, pwaa! Maji ya njano yakatapakaa kila mahali ndani ya kile kioo.

Nikachomoa waya. Nikavua shati, nikafuta. Nikawasha feni, nikaipulizia. Hapo hapo ningeacha, labda kungekuwa na la kuokoa. Lakini nikataka tu nione kama imepona...

Nikawasha tena.

Tap! Kamoshi kadogo tu. Nikasimama pale kifua wazi, mikono imeloa, sina hata cha kushika. Ningefanya nini? Ningemwita nani?

Usiku nikampigia Baba Shani nikamweleza, akarudi kesho yake asubuhi. Hakunigombeza, na afadhali angenipiga! Tukaipeleka Mwanza kwa fundi. Fundi akafungua, akanusa, akauliza, "Hii harufu ya pilau inatoka wapi?" Hakuna aliyecheka. Kifaa kinachotunza video kilikuwa kimeungua. Alijaribu mpaka jioni, hakikutoka kitu.

Jumamosi tukaenda msibani. Baba Shani akaanza kuwaambia wazee, "Mashine yangu imekufa, mnisamehe." Yangu! Na mimi nikaliacha lile neno lipite... Nikamwacha mtu aliyenitoa machimboni abebe aibu yangu mbele ya watu. Alipofika katikati ya maelezo yake ndipo nikashindwa, nikasema, "Ni mimi. Alinikataza." Mama yake Kabula akajifunika khanga usoni, akaondoka.

Ndugu zangu mnaosoma, nawaomba. Ukiambiwa subiri chupa, subiri chupa! Kompyuta ya maji usiitie kulanti ya gari, usiitie manjano, usiitie ujuzi wowote uliotoka nao kwingine. Na kama una sauti ya mzazi wako sehemu moja tu, weka hili gazeti chini sasa hivi, nenda kaiweke na sehemu nyingine. Mimi siitwi tena Profesa. Akiniita mtu hivyo, napita kama sijasikia.

Siku ile wageni walipopungua, Kabula alinifuata nje, macho yamevimba. Akaniambia, "Masanja, siku ya sendofu nilikuwa nalia sana, sikumsikia baba. Wajomba kila mmoja ananiambia lake. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unaikata ile video, umeirudia mara nyingi. Kaa hapa uniambie alisemaje."

Wasomaji... siku yenyewe akili yangu ilikuwa kwenye kamera, sikusikiliza, na mimi nikikata video nazima sauti. Pale mzee alipokuwa anaongea nilikuwa nimeshaweka muziki juu yake. Nikatazama chini, machozi yananitoka.

Akaniuliza taratibu, "Hata neno moja, Masanja?"